Kibuyu Moja kwa Bote

Kavira mujukuu wangu,

Huku Mususa tuko bazima, na dada yako alizala mutoto mwanaume, analia kama moteur! Unauliza nchi kidogo inaweza kuleta nini kwa amani ya bengine.

Wakati wa vita, baaskari ba amani ba Uruguay, kainchi kadogo ka mbali, balikuya ku mukutano ya amani kwetu Kalunguta. Mama Safi, jirani yetu Mumbuti, mutu wa pori, alikaa nyuma. Tulizoea kumupatia kasikisi, pombe yetu ya ndizi, lakini ndani ya kikopo yake peke, yenye ilitundikwa inje, juu hatukukubali kukunywa kopo moja na Bambuti.

Muaskari moja akatosha kibuyu ya chai ya kwabo, ya majani makali, na murija ya chuma ya kuivutia. Akakunywa, akajaza maji ya moto, akapatia Mama Safi. Akajaza tena, akapatia chef wetu wa kijiji, na murija ni ile ile. Kama chef anakataa kukunywa nyuma ya Mumbuti, anatukana bageni, na mukutano inakufa.

Chef akavuta, akakunja uso.

"Meza tu, chef," Mama Safi akasema, "hata mie nilimeza!"

Chef akacheka mpaka machozi, akamuita mbele aseme mambo ya pori yao.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, Mama Safi akakuya kwetu, akatafuta kikopo yake ku ukuta. Mama yangu akamunyooshea kopo yake mwenyewe. Ndani ya ile kikopo ya zamani alishapanda vitunguu.

Koko yako, mwenye angali anacheka