Migebuka Kutoka Giteranyi

Gishubi

Baba Moses,

Tunaendelea. Mtoto ameota meno mawili, usingizi sina. Samaki wakavu uliompa jirani yetu Egidius atuletee wamefika. Alisema umewavua mwenyewe huko Giteranyi, mkoani Muyinga, katika ziwa Rweru, ukikokota ndoano nyuma ya mtumbwi. Mama yako akafurahi: "Sato wa mwanangu hao."

Mi nimekulia Kigoma, Fredi. Sato ni mpana. Hawa ni warefu, wembamba: ni migebuka, na mgebuka hatoki Rweru, anatoka ziwa Tanganyika. Sijui niwaze nini. Labda uliwanunua sokoni. Labda Muyinga hukufika kabisa. Usitume samaki tena kabla hujaniambia unalala wapi.

Moses sasa anasema "baba" na kunyoosha kidole. Nimfundishe kuonyesha upande gani?

Ni mimi, ninayekungoja bado,
Efrazia