Karatasi ya Kufungia Mandazi

Valentine mjukuu wangu,

Miaka miwili hujakanyaga Migori, kwani miguu imeoza? Barua hii ananiandikia Eucabeth wa jirani.

Masese wa duka alikuambia mwanao Arasa aliharishwa na mikono yangu michafu, nawe ukaacha kumleta. Sasa sikia. Juzi Masese alinifungia mandazi kwa karatasi, akijua sisomi. Eucabeth akaisoma: ni ya bwana afya, ya wiki ileile Arasa alipokula mandazi ya duka hilo akaugua, inasema unga wa Masese ulijaa mavi ya panya!

Siku ya soko Eucabeth aliisoma mbele ya duka, mara tatu, kwa sauti.

“Mama, nirudishie,” Masese akalia.

“Si umenipa na mandazi?” nikamwuliza.

Ukija, mshushe Arasa pale dukani, amsalimie Masese, kisha mje mle ugali wangu.

Nyanyako,
Mokeira