Kitufe Ulichokiacha Ukutani

Dar es Salaam

Kaka Muganyizi,

Nakusalimu, kwa kuwa hata mwenye hasira haingii nyumbani bila kubisha hodi. Habari za hapo Izigo? Mguu wa Mama unaendeleaje, na mvua zimeifikia kahawa kwa wakati? Watoto wanaenda shule? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo sina wa kuusemea.

Nakuomba usome hadi mwisho. Simu zangu umezikata zote, na ile moja uliyoipokea ukasema uko kanisani, tena siku ya Jumanne mchana. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono. Mama mdogo Elizabeti alikuja huku kumwona mwanawe na sasa anarudi Muleba kwa basi. Amekubali kukukabidhi barua hii mwenyewe, na kukaa hapo mpaka uifungue.

Nianze na kazi, maana yote yametokea humo. Bado niko kwenye kile kiwanda cha swichi na soketi, upande wa kuunganisha vitufe vya kengele. Kazi ni ya kusimama kutwa. Joto la humo ndani halina dirisha la kutokea, na harufu ya plastiki inayoyeyushwa inaingia mpaka kwenye chakula. Nimeizoea, na nilikuwa naipenda. Nasema nilikuwa, kwa sababu mwezi uliopita nilikaribia kuiacha, na aliyenifikisha hapo ni wewe.

Sijui kama umewahi kuelewa kile kitufe cha kuzima mashine kilitoka wapi. Tata, baba yetu, alipofariki mashine ya kusaga ikabaki mikononi mwako. Umeme ulipofika ukaondoa injini ya dizeli ukafunga mota, na wifi Asimwe ndiye aliyekuwa akisimama pale kumimina mahindi na mihogo ya watu. Nilipokuja likizo aliniambia, "Wifi, kitu hiki kikinikamata, pa kukizimia ni kule mlangoni. Nitafikaje?" Hakulalamika. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia.

Niliporudi kazini nilimweleza Mzee Zuberi, msimamizi wa karakana yetu, akaniruhusu kutumia vipande vilivyobaki baada ya kazi. Cha kwanza nilikitengeneza kama kengele ya mlangoni: ukibonyeza, vibati viwili vya shaba vinagusana, umeme unapita na kuipa mashine amri ya kuzima. Nikajiona nimemaliza. Mzee Zuberi alikigeuzageuza mkononi akaniuliza, "Odetha, panya akiukata waya wake, huyo mwenye kinu atajuaje kwamba kitufe kimekufa?"

Nikaanza upya, kinyume. Vibati vikawa vinagusana muda wote, na umeme mdogo unaopita hapo ndio unaoishikilia mota izunguke. Ukibonyeza, vinaachana na mota inasimama. Waya ukikatika, mota inasimama. Panya akiula, inasimama. Likitokea kosa lolote, liangukie upande wa kusimama.

Vibati nikavitia vichwa vya fedha, vidogo kama punje ya ulezi, ili cheche zisivigandishe. Kofia yake tuliimimina kwa plastiki nyekundu, pana kama kiganja, ili mtu aweze kuipiga kwa ngumi, kwa kiwiko, hata kwa nyonga. Ikishazama haitoki mpaka uizungushe, ili asije mtu akaiwasha mashine bila kujua kwamba mwenzake bado ameinama pale. Springi ndiyo iliyonisumbua. Ya kwanza ilikuwa ngumu. Nilimfikiria wifi amenaswa mkono mmoja, amechoka, anatumia ule wa kushoto, nikaitoa nikaweka laini zaidi. Kila kipande cha kile kitufe nilikipima kwa mwili wa mke wako.

Nilikuja nacho Krismasi, tukamwita Fundi Hamisi kutoka Hamugembe akakifunga. Wifi alikipiga kwa kiwiko, mashine ikanyamaza. Akakizungusha, ukaiwasha, akakipiga tena. Alicheka kama kaisiki, kama msichana mdogo, mpaka Mama akasema basi, mnamaliza umeme. Nawe ukasimama mbele ya watu waliokuja kusaga ukasema, "Hiki ametengeneza mdogo wangu kwa mikono yake." Mimi niliyasikia hayo nikiwa nyuma ya magunia na nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Baadaye ukaanza kunipigia. Wabeba magunia wanakigusa kwa bega, mashine inazima katikati ya kazi, wateja wananung'unika, wengine wanahamia kwa yule jirani wa ng'ambo ya barabara. Nilikubali kwamba ni kweli, springi ni laini. Nikakuambia naandaa bangili ya chuma ya kukizunguka, ili bega lisifike lakini mkono ufike. Nikakuambia uvumilie. Wewe ukanijibu, "Sawa, waitu, mdogo wangu, nasubiri."

Hukusubiri.

Siku ya ajali Mama ndiye aliyenipigia, analia, simwelewi. Nikaja kuelewa kidogo kidogo: mkanda ulishika upande wa kitenge cha wifi, ukauvuta mkono wa kulia mpaka kwenye puli, na wewe ulikuwa nje unaongea na mnunuzi wa kahawa. Mama mmoja aliyekuja na mihogo yake ndiye aliyetoka mbio akipiga kelele, ndipo ukakimbilia swichi ya mlangoni. Hapo hospitali ya Rubya walimpokea vizuri na walifanya kila walichoweza. Kiganja kimepona. Vidole vilivyobaki ni gumba na kile cha mwisho.

Nilikuuliza kwenye simu kuhusu kitufe. Ukasema, "Alikibonyeza, hakikufanya kazi."

Hayo ndiyo uliyoniambia mimi, ndiyo uliyomwambia Mama, na ndiyo uliyowaambia watu wa Izigo baada ya ibada, maana yalifika mpaka huku kabla hata wifi hajaruhusiwa kutoka hospitali. Jumapili moja tulikutana watu wa Muleba tunaoishi huku, kama kawaida yetu, na mama mmoja tunayeheshimiana akanisogelea na sahani yake mkononi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni wewe uliyetengeneza kile kitufe kilichomkata mke wa kaka yako?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Akasema, "Pole, mwanangu. Ungeacha kazi hizo kwa wanaume." Na akanipa pole hiyo kwa moyo mwema kabisa. Nilirudi nyumbani bila kula.

Asubuhi nilimwambia Mzee Zuberi kwamba kitufe changu kimeshindwa na mtu ameumia. Tulikuwa tumeanza kutengeneza vingine vya namna ile kwa ajili ya mashine za mbao. Alisimamisha kazi. Tulivifungua vyote mezani, kimoja kimoja, nikitafuta kosa langu. Nilitazama springi, nilitazama vichwa vya fedha, nilipima kwa mita mpaka macho yakauma. Sikuliona. Unajua hali ya mtu anayetafuta kosa lake na halioni, lakini anaamini lipo? Nilikuwa nikifumba macho namwona wifi anakipiga kwa mkono wa kushoto na hakuna kinachotokea. Nilimwandikia mkuu wa kiwanda kuomba kuacha kazi. Mzee Zuberi aliichukua karatasi ile akasema hataipeleka mpaka akishike kitufe chenyewe.

Nikampigia Fundi Hamisi, ambaye Mama alikuwa amemwita kuja kubadilisha mkanda, nikamwomba anitumie kitufe kwa basi. Akasema, "Nitakutumia, dada. Lakini kipime wewe kwanza ndipo tuongee."

Kilifika. Bado kilikuwa na unga kwenye mzunguko wa kofia. Tulikiweka mezani, tukakifunga kwenye mota ya majaribio, nikakibonyeza. Mota ikasimama. Nikarudia mpaka Mzee Zuberi akanishika bega, na kila mara ilisimama. Tulipokifungua, vichwa vya fedha vilikuwa vinang'aa, karibu kama siku nilipovitia.

Nikampigia tena Fundi Hamisi. Akaniambia alichokikuta nyuma ya ubao uliobeba kitufe. Nyaya mbili zilizokuwa zikiingia kwenye kitufe zilikuwa zimechomolewa, zimesokotwa pamoja, zimefungwa tepu nyeusi. Umeme ulikuwa unapita kando, kitufe hakihusiki na kitu. Alikuuliza, nawe ukamjibu, "Wewe funga mkanda, mengine yaache." Akaniambia, "Dada Odetha, mimi nakula kwa kazi za watu kama kaka yako. Lakini hili siwezi kulibeba."

Sasa nisikilize, Kaka. Wewe ni mkubwa wangu. Ulinibeba mgongoni tukienda kliniki, Mama amenisimulia. Sijawahi kukuandikia maneno ya namna hii na sikutegemea kuyaandika.

Wateja walikuwa wanakimbia, nimekubali. Uliudhika, nimekubali. Ungetaka kukiondoa, ungekiondoa. Ungechukua bisibisi ukaking'oa ukakitupa kwenye migomba, ukaliacha tundu wazi. Nisingekulaumu hata nusu ya hivi. Wifi angeliona lile tundu akajua hana msaada, na angejihadhari kama alivyojihadhari miaka yote kabla yangu. Angekibana kitenge chake vizuri. Angekataa kusimama pale wewe ukiwa nje. Lakini wewe uliunga nyaya ukakiacha kitufe pale pale, chekundu, kizuri, kimefutwa vumbi. Ukamwacha mke wako asimame karibu nacho kila siku akiamini. Ulikuwa unamwona akikiamini. Hukusema neno.

Halafu alipokipiga, mkono wake ukiwa ndani, na kisifanye kitu kwa sababu yako, ukanibandika mimi kosa.

Utasema ulipaniki. Ningeweza kulielewa neno la siku ile ya kwanza, pale hospitali, mtu akiwa na damu ya mke wake kwenye shati. Lakini ulikuja kulirudia. Ulilirudia kwa Mama. Ulilirudia kanisani. Ulilirudia ukiwa umeshakula na kulala.

Bado sijakueleza lililoniudhi kuliko yote. Wiki iliyopita wifi alinipigia kwa simu ya Mama. Tuliongea habari za watoto, habari za kidonda, jinsi anavyojifunza kumenya ndizi kwa mkono wa kushoto na binti yake anamcheka. Kisha akaniuliza, taratibu, kama anayeogopa kunikera, "Wifi, nilikuwa nataka kukuuliza. Au nilikibonyeza vibaya?"

Ameyafikiria hayo peke yake tangu siku ile. Umekuwa ukilala naye chumba kimoja, na hukujua, au ulijua ukanyamaza.

Nilimwambia. Mama sijamwambia, nimekuachia wewe. Kwa wifi nilishindwa kukuachia. Nilimweleza habari za nyaya na tepu, nikamweleza kwamba kitufe kiko mbele yangu mezani na ni kizima. Hakulia. Alisema, "Kwa hiyo nilibonyeza sawasawa."

Nikasema, "Ulibonyeza sawasawa."

"Kwa nguvu ya kutosha?"

"Ya kutosha kabisa, wifi."

Akasema basi, ahsante, akakata simu. Nadhani hajakuuliza mpaka leo. Usidhani ni kwa kuwa hajui.

Hivyo naomba, na siombi kama mdogo. Mwambie Mama kwa mdomo wako kabla mama mdogo Elizabeti hajaondoka hapo. Yeye hajui kilichomo humu, lakini nimemwambia asiondoke bila kuongea na Mama. Kisha waambie watu walewale uliowaambia, mahali palepale, baada ya ibada. Sitaki uniombe radhi kwenye simu.

Nimeshatengeneza kingine, chenye ile bangili. Fundi Hamisi atakuja kukifunga, na nyaya zake atazipitisha kwenye bomba la chuma lililochomelewa, mtu asiweze kuzifikia bila msumeno. Mzee Zuberi alisema hilo halikuwa na haja kwa watu wengine. Nikamwambia kwa huyu ipo.

Nilipigiwa tena juzi na wifi. Safari hii yeye ndiye aliyeanza bila salamu ndefu. Alisema atarudi mashineni, kwa sababu ni kazi yake na anaijua kuliko wewe. Lakini hatasimama pale mpaka umefanya jambo moja. Siku ya kufunga, mashine ikiwa inazunguka, wewe utasimama mahali pake, mkono wako wa kulia karibu na mkanda kama ulivyokuwa wa kwake, na utabonyeza kwa mkono wa kushoto. Yeye atakuwa mlangoni, kwenye ile swichi kubwa, anakutazama. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema, "Wifi, nataka nimwone usoni kabla haijasimama."

Nisalimie Mama sana, mwambie dawa ya mguu nimempa mama mdogo. Nisalimie wifi Asimwe na binti yake anayemcheka. Msalimie mama aliyekuja na mihogo, simjui jina lakini wewe unamjua. Mwambie namshukuru kwa kelele zake. Fundi Hamisi akifika mpe chakula kabla ya kazi.

Wewe utajisalimia mwenyewe siku hiyo, ukishabonyeza.

Ni mimi mdogo wako,
Odetha Kokugonza