Pete ya Pikipiki ya Shemeji

Jumamosi, 4 Mei

Leo kazi ya familia, yaani kazi ya bure. Shemeji anataka pikipiki ikae salama nyumbani — wezi wameshapita nyumba tatu mtaani kwao. Na kweli, bila pikipiki hakuna kupelekea watu mitungi ya gesi, na bila mitungi mdogo wangu, yaani mkewe, na mtoto watakula nini? Nikamwambia tulia, fundi wako Cheche yupo!

Nimefunga bamba la chuma kwenye sakafu ya kibaraza, bolti nne, zimekaa sawasawa. Juu yake pete nene ya kupitishia mnyororo. Nimeishika kwanza kwa pointi mbili za weldi, nijiandae kuizungushia weldi yote — umeme ukakatika! Tumesubiri weee, haujarudi. Na mimi nina geti la mteja, ananipigia simu kama ananidai mke.

Nikapaka putty kuziba pengo, nikapiga rangi ya silva. Imependeza, utadhani ya dukani. Shemeji akauliza, imekwisha? Nikasema hata watu kumi hawaing'oi. Jumatatu nitarudi kimyakimya nimalizie.

Jumanne, 7 Mei

Sikurudi. Geti limekataa kufunga. Kesho.

Jumapili, 12 Mei

Nimekula kwa mdogo wangu. Pikipiki imefungwa pale kwenye pete, imetulia. Shemeji kamwita jirani aje aone: kazi ya shemeji yangu hiyo, bwana! Jirani akaipiga teke, akatikisa kichwa kwa kusifu. Haikung'oka.

Ningesemaje mbele ya jirani kwamba nakuja kumalizia kitu nilichosema kimekwisha? Nimekula, nimeshiba, nimeaga.

Jumatano, 15 Mei

Imeibwa. Mchana kweupe!

Shemeji alikuwa amepanda basi kwenda kushughulikia leseni. Mdogo wangu yuko chumbani ananyonyesha. Anatoka kuanua nguo — kibaraza kitupu. Kanipigia simu analia mpaka simuelewi. Nimefika kabla ya mumewe.

Nikainama. Bamba lipo. Bolti zote nne zipo. Pete imeondoka pamoja na mnyororo, na pale ilipokuwa, pointi zangu mbili zinang'aa. Mtaimbo mmoja na mtu mmoja, basi, tena bila kelele. Mtoto wa shule angejua kuwa hapa hapakuchomelewa.

Mfukoni nilikuwa na tupa. Nikazisugua. Mungu anisamehe, mdogo wangu analia ndani na mimi nasugua mpaka pakawa bapa.

Shemeji akafika, majirani nyuma yake. Akaniuliza, wewe ndiye fundi, imekuwaje? Wote wananitazama, na yule wa teke yumo. Nikasema: imekatwa kwa grenda.

Maneno matatu tu.

Alhamisi, 16 Mei

Sikufikiri mbele. Fundi mzima! Grenda inavyolia, nani asiyejua? Majirani zangu wananitukana kila siku kwa ajili yake. Na inataka umeme.

Shemeji si mjinga. Amemuuliza mkewe: grenda ilie hatua tano kutoka kitandani kwako, usisikie? Na waya waliuchomeka wapi kama si ndani kwangu? Mdogo wangu anaapa hakusikia kitu. Na kweli hakusikia, maskini, hapakuwa na cha kusikia! Shemeji akasema basi, ama ulimfungulia mtu, ama hukuwepo. Kama hukuwepo, ulikuwa kwa nani?

Mimi nilikuwepo akimhoji. Nimesimama pale mlangoni nakuna ndevu.

Jumamosi, 18 Mei

Amekuja kwangu na mtoto na begi moja. Mumewe kamwambia kapumzike kwa kaka yako mpaka ukumbuke vizuri.

Nimepiga moyo konde, nimemfuata shemeji kazini. Nimemkuta anatembea kwa miguu, mtungi begani, shati limelowa jasho. Nikafungua mdomo. Akaniwahi: shemeji, asante. Ni dada yako, ungeweza kumficha, lakini umenieleza ukweli. Wewe ni mwanamume.

Nikampokea mtungi, nikambebea mpaka kwa mteja. Hicho ndicho nilichokwenda kufanya — kubeba mtungi! Hovyo kabisa mimi.

Jumapili, 19 Mei

Mdogo wangu ameosha vyombo vyangu vyote, hata visivyo vichafu. Kisha akaketi. Kaka, nimewaza sana, anasema. Pengine nilisikia. Mtoto alikuwa analia, redio ya jirani ilikuwa juu. Pengine nilisinzia kidogo. Wewe ndiye unayejua chuma, umesema imekatwa, basi imekatwa.

Nikamwambia hapana, hukusinzia.

Umejuaje?

Hapo ndipo pa kusema, palikuwa wazi kabisa, na nikanyamaza! Naona haya hata kuandika.

Akasema ameshaamua. Kesho atarudi kumwomba mumewe msamaha, mbele ya mama mkwe. Atasema alitoka kwenda kupiga soga akaacha mlango wazi, watu wakaingia wakachomeka waya wao. Mwanamke mzembe, anasema, afadhali kuliko hayo mengine anayoyafikiria. Mume wangu akisikia nimekiri, moyo wake utapoa.

Nikasema, lakini hukutoka.

Akasema, sasa nifanyeje, kaka? Twende wote. Wewe anakuamini.

Nimekubali. Mdomo huohuo! Nimejiambia nitasema nikifika kule. Au njiani. Au sasa hivi, nikiweka kalamu chini — yuko hapo tu, upande wa pili wa pazia, mtoto mgongoni, anapiga pasi shati langu la kesho. Ameshamaliza kola. Ananiita nije nilijaribu, maana anataka nionekane mtu wa maana mbele ya mama mkwe, ili neno langu liaminike.