Kadi Yako Haikuwa Mbovu

Nyumbani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitasa
Jumatano, tarehe 10

Mpendwa kitindamimba wetu,

Nimekukosea. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najijua, nikitanguliza salamu nitapiga chenga mpaka karatasi iishe.

Haya, hujambo? Kile kikohozi kimeisha? Na yule bosi wako wa kununa bado ananuna? Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua kwenye ngazi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote.

Sasa lile la kadi. Ulipotuma ile kadi ya picha ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya wifi yako, imsaidie kwenye michoro yake, ulinisisitizia jambo moja tu: kabla sijaichomeka, nifungue kasha la kompyuta nisome kibandiko cha pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme humo ndani, na kama iko chini ya wati mia tano na hamsini ninunue nyingine kwanza. Nikakujibu siku hiyo hiyo, "Nimeangalia, iko elfu moja, tosha kabisa."

Sikufungua kitu. Niliinama tu chini ya meza nikasoma kibandiko cha stabilaiza, kile kiboksi cha kutuliza umeme wa ukutani. Pale ndipo penye elfu moja. Nikajiambia, umeme si unapitia hapa kabla ya kuingia kule? Na hata siku ya kuchomeka kadi, kasha likiwa wazi mbele yangu, kibandiko cha pawasaplai kilikuwa kimegeukia ndani. Ilibidi kulegeza skrubu nne nikione. Nikaziacha. Waya wa kuilisha kadi nao haukuwepo, nikaunga kutoka kwenye waya za diski, nikajiona fundi.

Basi wifi yako akisoma barua zake, kompyuta inatulia. Akifungua mchoro wa nyumba akauzungusha, pu! Inazima. Siku moja ilimeza ngazi na vyoo vyote vya zahanati aliyokuwa anaichora. Akaniuliza, "Baba, hii kadi nzima kweli?"

Nikamwambia, "Si unajua vitu vya kutumiwa. Huyo katuokotea mahali."

Ndugu yangu, hilo ndilo kosa. Na sikuishia hapo. Jumapili iliyofuata nililirudia kwa mama, mezani, watu wote wapo. Mama akaweka kijiko chini. "Yaani mwanangu katufanya sisi jaa?" Mimi nikaendelea kutafuna. Tangu hapo wifi yako hajibu meseji zako, nawe ukaacha kupiga simu. Wiki sita sasa, na wewe hata hujui ulichokosa.

Jana wifi yako alichoka, tukaibeba kompyuta mpaka kwa fundi wa karibu na posta, mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akaniuliza pawasaplai ni ya wati ngapi. Nikasema elfu moja. Akachungulia ndani. "Elfu moja iko wapi humu?" Nikamweleza habari ya stabilaiza. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kaka, stabilaiza ni mlinzi wa getini. Mlinzi hapiki! Anayepika yuko humu ndani, na huyu wako kazeeka."

Akalegeza zile skrubu nne, hata dakika moja haikufika. Wati mia tatu, na ina miaka tisa. Akasema kwa umri huo hata hizo mia tatu haifikishi tena. Kadi peke yake ikifanya kazi inakula mia moja na sitini, prosesa karibu mia, bado diski na feni. Mchoro ukizungushwa, wote wananyoosha sahani kwa pamoja, mpishi anazimia. Kadi yako akaijaribu kwenye mashine yake mwenyewe. Nzima kabisa.

Akafunga mpya ya mia tano na hamsini, yenye waya wake wa kadi. Akaniwekea mkononi nione ilivyo nzito, akasema nikikutana na iliyo nyepesi kama boksi tupu la viatu niikimbie, hata iandikwe elfu mbili.

Wifi yako akazungusha zahanati nzima, paa mpaka msingi, nusu saa. Haikutikisika. Nilishusha pumzi kama niliyeshusha gunia. Halafu palepale, mbele ya fundi, nikamwambia kwamba ulinionya nikakudanganya.

Akaniangalia. "Yaani nimemnunia mtu wiki sita kwa skrubu nne?"

Fundi ndiye aliyeanza kucheka, kisha yeye, kisha mimi. Usingizi kama wa jana, dada, sijaupata tangu kadi ifike. Wifi yako anasema atakupigia leo na usimkatie.

Shangazi anakusalimu sana, na binamu Mrefu pia. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya, na moyo wa kusamehe watu wavivu.

Mama bado hajui. Jumapili hii, tarehe 14, saa saba mchana, wote wakiwa mezani na chakula hakijapakuliwa, nitasimama, nitakupigia, nitaweka sauti ya juu, niseme kwa kinywa kilekile: alinionya, nikamdanganya, nikamsingizia. Shika simu yako.

Nakupenda, hata nilipokuharibia jina,
Kaka yako mkubwa