Nafasi ya Mwanamke wa Pili

Bukoto, Kampala
3 Mei 2024

Na ndiyo, Shangazi, bangili uliyonipa inanitosha, ila haivuki kiganja mpaka niipake sabuni. Assalamu alaikum. Mgongo umepoa? Sisi ni wazima, na mimi nimezidi uzima, maana napendwa. Mume wangu Shafiq ananiita "noti yangu isiyokunjwa". Usicheke, kwa watu wa mnada wa pesa za kale hakuna sifa inayozidi hiyo. Kila siku naandamana naye dukani Kisenyi, nampangia noti za zamani na sarafu zenye tundu. Mnada wake wa kwanza ni tarehe kumi na moja.

Jana alinunua sanduku la karatasi kuukuu. Moja ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na yeye chuo cha Kurani alikuwa mtoro, basi nikamsomea kwa sauti. Ni hati ya amana ya mwaka 1958. Mwanamke anayekwenda Hija anamwachia Uthman fulani, jina la babu kabisa, bangili ya fedha yenye nyoka wawili. Kama yangu. Chini kuna mashahidi: mwanamume mmoja, kisha Zamzam binti Sebit, kisha nafasi tupu. Shafiq anasema hati hiyo ndiyo itakayomjengea jina.

Mwanao,
Shamim

Mbale
7 Mei

Mwanangu Shamim,

Wa alaikumu salaam. Mgongo unauma, lakini leo si hilo. Hati hiyo usiisome tena kwa sauti.

Uthman ndiye babu yako, baba yangu. Walikuja wanawake wawili kushuhudia. Baba akamtuma wa pili akalete maji, hati ikafungwa bila jina lake. Mwenye bangili aliporudi, baba alikana kuachiwa kitu, na ushahidi haukutimia. Sheria unaijua: mwanamume akiwa mmoja, wanawake wawe wawili, mmoja akisahau mwenzake amkumbushe. Zamzam alikufa akimtafuta mwenzake.

Nilikupa bangili ili itoke nyumbani kwangu. Nisamehe. Ivue, uizike pamoja na hati.

Shangazi yako,
Mariamu

Bukoto
13 Mei

Shangazi mpenzi, hujambo?

Barua yako imechelewa, mnada umeshapita. Hati ilipoitwa, hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Faustino, mnunuzi mkubwa kuliko wote, alipapasa ile nafasi iliyokuwa tupu, kidole chake kikatoka cheusi.

"Wino mbichi, kijana," alimwambia Shafiq. "Umeharibu kitu kizuri."

Lilikuwa jina langu, kwa mwandiko wangu. Wallahi sikuliandika. Na Shafiq, Shangazi, hakunigombeza. Aliushika mkono wangu wa kuandikia akaubusu mbele ya wateja. Ni nani mwingine ana mume kama huyu?

Bangili sasa haitoki hata kwa sabuni. Halafu kuna mama mmoja huja dukani baada ya alasiri, mpole, ananukia udi. Hanunui kitu. Huniuliza tu, "Umekumbuka?" Shafiq, aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, anasema hajamwona mtu.

Mwanao,
Shamim

Mbale
16 Mei

Shamim,

Salamu baadaye. Usimkubalie, huyo ni Zamzam. Mwambie hukumbuki, na ni kweli, hukuwapo. Ukikubali kukumbuka utakuwa mtu wao, si wetu tena. Mgongo ukiniruhusu nitakuja kukuchukua.

Shangazi yako,
Mariamu

Bukoto
19 Mei

Sikuwapo kweli, Shangazi? Hata mimi nilidhani hivyo. Je, usingizi unapata? Mimi nalala kama mtoto, kichwa kifuani kwa Shafiq.

Lakini ule mtungi naukumbuka. Nilitumwa maji, nikaukuta umejaa. Niliporudi, wewe ulikuwa chini ya meza, mtoto wa miaka mitano, unatafuna pindo la leso ya Zamzam. Nikainama nikakuuliza kama wameshaandika. Ukatikisa kichwa kwamba bado.

Walikuwa wameshaandika, Shangazi.

Sikulaumu, ulikuwa mdogo, naye baba yako alikuwa anakutazama. Ila usijisumbue kusafiri na mgongo huo. Shafiq amenipa ruhusa, na busu juu yake. Tutakuja sisi wanawake wawili, na mwenye bangili nyuma yetu. Tuwekee maji tu. Kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako.

Mwanao,
Shamim