Kiti cha Tomi

Alhamisi, 2 Agosti 1951
Masufuria yamefungwa. Unga, chumvi, asali ya Sikonge. Bwana ninayempikia shambani kwake anaipeleka familia yake Kigoma kwa ndege yake ndogo, kisha Usumbura, kisha nisikokujua. Nilipimwa juu ya mizani ya tumbaku, baada ya masufuria na kabla ya mbwa. Ndege ina viti vinne: cha Bwana, cha Bibi, cha binti yao Beti, na cha Tomi. Tomi ndiye mbwa. Mimi hukaa nyuma, juu ya mizigo, bila mkanda.

Ijumaa, 3 Agosti
Bega bado linauma. Safari iliyopita, juu ya mto Malagarasi, ndege ilishuka ghafla nikajigonga kwenye ubavu wake. Bibi alisikitika. Tomi hakuamka. Naona haya kuandika hivi, lakini nimekasirika. Nimekasirika sana.

Jumapili, 5 Agosti
Baada ya ibada nilimweleza binti yangu Agnesi kwamba kesho nitadai kiti. Alicheka, kisha akaacha. "Baba, utafukuzwa. Utalala wapi? Na mama hayupo tena wa kukutuliza." Mungu anisamehe, sikumjibu kwa upole.
Marehemu baba yangu alikuwa mpagazi, akibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji. Wapagazi walipoonewa hawakutukana wala kukimbia. Walitua mizigo, wakaikalia. Msafara wote ulisimama mpaka mkuu wake aje kuzungumza.

Jumatatu, 6 Agosti. Uwanja wa ndege, Tabora
Naandika nikiwa nimekalia sanduku la masufuria. Nilivua kofia, nikaomba radhi, nikasema siingii bila kiti na mkanda.
"Yakobo, mbwa anaogopa kukaa chini."
"Samahani, Bwana. Hata mimi."
Amesema basi nibaki, na shambani nisionekane tena. Anataka sanduku. Sisimami. Injini imewashwa, vumbi limenijaa machoni. Sisimami.
Beti ameshuka, amekaa kando yangu. "Sogea kidogo, Mzee Yakobo." Nimesogea. Sasa Bibi naye anashuka.
Injini imezimwa. Bwana anakuja kwa miguu.

Jumanne, 7 Agosti. Kigoma
Jana nilikaa kwenye kiti cha Tomi. Mkanda ulinibana tumbo, sikuulegeza. Malagarasi ilipita chini yetu, kisha misitu ya miombo, ile ile aliyoipita baba kwa miguu. Bwana hakunisemesha njia nzima. Kama bado nina kazi, sijui.
Tomi alilala juu ya miguu yangu, akitetemeka. Nilimwomba radhi. Wengine, hapana.